Fundi wa Karasha Hayumo Kwenye Orodha ya Mishahara

Kwenye machimbo madogo ya Kahama na Geita, karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, likianza kulia vibaya, mwenye mali humwita mtu mmoja tu: "Fundi, hebu njoo usikilize." Fundi huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigandamiza kwenye nyumba ya beringi, mpini akauweka sikioni. Punde anajua kama ni grisi imekwisha au beringi imekufa. Hakufundishwa darasani, na cheti hana.

Naanza na huyu kwa sababu yeye ndiye mtihani wa anayeongoza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Watu wengi hudhani kazi ya kiongozi huyo ni kujenga vyuo. Kujenga ni sehemu nyepesi. Kizito ni kujua unamwandalia nani fundi, na fedha inatoka kwa nani.

VETA ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kikombe chake cha maji ni tozo ya ujuzi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Mwajiri hukokotoa asilimia ya mishahara yote anayolipa, akaitoa yeye mwenyewe bila kumkata mfanyakazi. Ilikuwa asilimia 6, ikashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Tangu 2021 mwenye wafanyakazi chini ya 10 haguswi na tozo hiyo. Tena kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyokuwa ya VETA. Mbili zilikwenda Hazina.

Sasa tazama dhahabu. Mgodi wa Geita, unaozalisha tangu 2000, una mishahara, kwa hiyo unalipa. Bulyanhulu hali kadhalika. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, halina mshahara. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, kisha wachimbaji wanagawana iliyobaki. Mwamba ukiwa mtupu, kila mtu anarudi na vumbi lake. Hapo asilimia utaikata kwenye nini?

Na anayelipa husikilizwa. Mwaka 2009 kampuni za madini, kupitia chemba yao, zilishirikiana na VETA kuanzisha mafunzo ya mafundi wa migodini, maarufu kama IMTT. Yalifanyika Moshi, chini ya Kilimanjaro, mbali kabisa na machimbo ya Kanda ya Ziwa. Siyabezi. Mgodi unaoshuka chini ya ardhi, kama Geita ilivyoanza mwaka 2016, hauvumilii fundi wa kubahatisha. Na mgodi wa Buzwagi ulipositisha uzalishaji mwaka 2021, fundi mwenye cheti kinachotambulika nchi nzima aliweza kuondoka nacho mfukoni. Aliyekuwa na uzoefu mtupu aliondoka na maelezo.

Lakini njia hiyo ni ya wachache. Kwa wengi, mlango uliopo ni urasimishaji wa ujuzi. Mtathmini wa VETA anamfuata fundi pale anapofanyia kazi, anamtazama akifungua na kufunga, anamuuliza kwa nini kafanya hivi na si vile. Akikuta pengo, fundi hupewa mafunzo mafupi ya pengo hilo tu, kisha hutunukiwa cheti. Hakuna kumrudisha mtu mzima kukaa kwenye dawati miaka miwili ili afundishwe kushika spana.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, shilingi ya tozo ingetangulia huku kabla ya kwenda kwenye jengo jipya. Gharama yake si ada peke yake: siku ya tathmini ni siku ambayo karasha limesimama, na mwenye karasha hapendi kulisikia hilo.

Pengo lenyewe, kwa mafundi hawa, mara chache huwa kwenye beringi. Ni kwenye umeme. Fundi anazima swichi, haifungi kwa kufuli, anaingiza mkono wote ndani ya pipa kutafuta bamba lililolegea. Na pembeni, karibu kabisa na swichi, kijana amesimama akingoja kuambiwa awashe.