Moshi wa Kichomea Taka: Kinachoingia Ndicho Kitokacho

Katika wilaya za vijijini kama Chemba, sindano zilizotumika na bandeji zenye damu aghalabu huteketezwa katika kichomea taka kidogo cha matofali. Aina mojawapo inayofahamika sana ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, miaka ya 1990. Chumba chake cha kwanza huchoma taka. Cha pili huunguza moshi wenyewe, na humo joto halipaswi kupungua nyuzi 850 za Selsiasi.

Mitambo mikubwa ya Ulaya na Japani huongeza kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila chenyewe kutumika. Oksidi za vanadiamu na titaniamu huvunja oksidi za nitrojeni, zikisaidiwa na amonia, na pia dioksini, sumu inayosababisha saratani. Hata hivyo kichocheo hicho huharibika upesi kisipolindwa: vumbi huziba vitundu vyake, aseniki hukitia sumu, na joto likishuka, salfa na amonia hufanya chumvi ya kunata. Kwa hiyo moshi huondolewa vumbi na asidi kwanza, na mara nyingi hupashwa joto upya kabla ya kukifikia.

Kichomea cha matofali hakina chujio wala kichocheo. Kinga yake ni uchambuzi wa taka, unaofanywa wodini, si pale tanurini. Bomba la sindano kwa kawaida ni polipropilini, isiyo na klorini. Mirija ya dripu, mifuko ya damu na ya mkojo aghalabu ni PVC, yenye klorini nyingi. Ikiungua hutoa asidi inayokula chanja za chuma na dohani. Na moshi unapopoa kati ya nyuzi 200 na 450, dioksini hujiunda upya. Dohani iliyotoboka mapema, kwa maoni yangu, mara nyingi imelishwa vibaya kuliko ilivyozeeka. Mifuko hiyo itakaswe kwa mvuke wa otoklevu, au izikwe katika shimo salama lililozungushiwa uzio. Vipimajoto vya zebaki na makopo ya dawa za kupuliza visichomwe kamwe.

Tanuri lipashwe kwanza kwa kuni kavu, jambo gumu miezi ya mvua, kuanzia Desemba. Moshi mweusi ni ishara kwamba joto halijatosha. Mgonjwa wa pumu aliyelazwa jirani anayo haki ya kumwuliza muuguzi kwa nini uchomaji unafanyika saa ya kutazama wagonjwa. Jivu nalo hubeba metali nzito, lisimwagwe bustanini.