Kipya Kinyemi, Lakini Kipi Kidumucho?

Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno hayo yatufaa leo tutazamapo habari ya miwani ya uhalisia pepe, yaani chombo kifungwacho kichwani kikafunika macho, na mwenye kukivaa akajiona yumo katika nchi nyingine hali yu nyumbani kwake. Vijana wa hapa Mitundu wanakitamani, na wazazi hutuuliza kama chafaa kununuliwa. Sisi twaona swali kubwa kuliko bei ni hili: Je, baada ya miezi sita kitakuwa kingali kikitumika?

Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa miwani ya karatasi ngumu, ambayo simu hutiwa ndani yake. Zilienea duniani zaidi ya milioni 15. Lakini siku zilivyopita matumizi yalipungua, na mwaka 2021 kampuni ikaacha kuziuza. Ajabu ikionwa mara kumi si ajabu tena. Isitoshe, wengine hushikwa na kichefuchefu, kwa kuwa jicho huona mwendo ambao mwili hauusikii.

Sasa tazameni upande wa pili. Novemba 2021 serikali ya Marekani iliruhusu miwani ya kuwatibu watu wazima wenye maumivu ya mgongo yasiyokoma. Mgonjwa huivaa nyumbani kwa majuma 8, mafunzo 56, asizidi dakika 16 kwa mara moja, akijifunza kupumua kwa utulivu. Huyu hurudishwa na haja yake.

Wafugaji nyuki wetu wanalijua jambo hili. Mzinga hata uwe mpya, maua na maji yakitoweka nyuki huhama.

Hata katika dini ni vivyo hivyo. Desemba 2021 Saudi Arabia ilizindua njia ya kulitazama Jiwe Jeusi kwa miwani hii. Februari 2022 mamlaka ya dini ya Uturuki ikabainisha kwamba kuizuru Kaaba kwa namna hiyo si Hija. Hata hivyo, ajifunzaye namna ya kutufu kabla ya safari anaweza kufaidika.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kutoa fedha mwulizeni kijana: Utaitumia kwa kazi gani, na siku zipi? Asiye na jibu na angoje. Dini yetu imetufunza kuthamini amali ndogo idumuyo. Na vyombo vyetu tuvipime kwa mizani hiyo. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.