Sikukuu Nayo ni Darasa

Sabasaba si siku ya pilau na nguo mpya tu. Mzazi wa Kariakoo, au ndugu yetu aliyevuka bahari kutoka Visiwani, hana budi kuwapitisha watoto mitaani akiwafundisha. Awaeleze kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu hawakurudi makwao. Awaonyeshe soko lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Awasimulie TANU, iliyozaliwa jijini humu Julai 7, 1954.

Nao wakuu wa Jiji waongeze vibao vya maelezo, ili mzazi asiyejua ajifunze pamoja na mwanawe. Shule hufungwa sikukuu, elimu haifungwi.