Jumapili uwanjani, Jumatatu mpakani: je, gari moja litatosha?

NAMANGA. Ni saa kumi na mbili jioni, Jumamosi. Malori yamejipanga kusubiri zamu, na wauza chai wanapita katikati yake na chupa zao. Katika gereji moja iliyo hatua chache kutoka kituo cha pamoja cha forodha, wagon nyeupe ya Kijapani iko juu ya jeki. Sehemu ya mizigo bado ina maganda makavu ya vitunguu.

Mwenye gari ni kijana anayenunua vitunguu upande wa Arusha na kuviuza Kitengela. Kesho ana mbio za magari kwenye uwanja wa udongo, na anataka fundi amfungulie springi za kawaida, amfungie fupi na ngumu.

Fundi anafuta mikono kwa kitambaa, anamtazama.

“Kijana wangu, nikilishusha gari hili, Jumanne neti zako thelathini utaziweka wapi?”

“Nitabeba ishirini, mzee.”

“Na hizo kumi nani atazilipia?”

Kijana anacheka, lakini hajibu.

Swali hilo la fundi linawahusu wafanyabiashara wengi wa mipakani, kuanzia Namanga na Taveta hadi Busia, Malaba na Mutukula. Gari lao ndilo duka lao na ndilo ghala lao. Lakini moyo nao una mambo yake, na wengi wao wanapenda kasi. Mtu akishapata faida kidogo hujiuliza: nilitie nguvu gari hili nililonalo, au ninunue lingine la mashindano tu?

Ugonjwa wa kurithi

Mapenzi haya tumeyarithi. Mwaka 1953 yalianza mashindano ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kabla hatujawa na jumuiya ya forodha ya sasa, watu wa nchi hizi tatu walikuwa tayari wakisimama kando ya barabara moja ya vumbi kuyasubiri magari yaleyale.

Magari ya miaka hiyo yalikuwa karibu sana na yale yaliyouzwa madukani, hivyo mtu aliweza kuona gari linashinda, kisha akaliona la aina hiyohiyo limeegeshwa mbele ya duka la jirani yake.

Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni, naye akalinunua, akalitengeneza kwa mikono yake na kuwashinda wenye magari mapya. Tuliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Leo Safari imerudi katika ubingwa wa dunia tangu mwaka 2021, na makao yake ni Naivasha. Uganda wana Pearl of Africa, Rwanda wana Mountain Gorilla, na Tanzania vumbi hutimka Iringa na Morogoro. Lakini magari yanayoongoza Naivasha siku hizi hayafanani na lako wala langu. Kinachotuhusu sisi ni mbio ndogo za Jumapili, ambapo mtu huzunguka uwanja wa udongo akishindana na saa.

Njia ya kwanza: kulitia nguvu gari la kazi

Faida yake inaonekana haraka. Gari unalo, unalijua, na kadi ina jina lako. Huhitaji mahali pa pili pa kuegesha wala bima ya pili. Unafunga kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Tatizo ni kwamba kila kinacholisaidia gari uwanjani hulipunguzia kitu barabarani. Springi ngumu hulituliza kwenye kona, lakini likibebeshwa mzigo na kupita kwenye matuta ya Kajiado hadi Namanga, mgongo wako ndio utakaofanya kazi ya springi. Ukilishusha, chesisi itagonga matuta. Ukiongeza nguvu ya turbo, klachi na giaboksi, ambazo zilitengenezwa kwa nguvu ya kiwandani, zitaanza kulia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kizimba cha vyuma anachofungiwa dereva wa mbio humlinda akiwa amevaa kofia ngumu na amefungwa mikanda yote ya kiti. Siku ya kazi, ukiwa kichwa wazi na mkanda mmoja wa kawaida, bomba lilelile liko karibu na kichwa chako. Ajali ndogo ya foleni inaweza kukupasua. Kifaa kilichowekwa ili kikuokoe Jumapili kinaweza kukuua Jumatatu, na ukiwa umembeba mama watoto, hatari hiyo ni yake pia.

Hata hivyo, si kila badiliko ni baya. Breki ni mfano mzuri. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishazeeka. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kwa hiyo mafuta mapya ya DOT 4 na pedi nzuri vitakufaa uwanjani, na vitakufaa vilevile unaposhuka mteremko na mzigo mzito nyuma yako.

Hesabu isiyo na risiti

Niseme yaliyonikuta mwenyewe. Kabla sijaanza kuandika magazetini nilikuwa nikivusha nyanya. Nilikuwa na wagon moja, nayo nikaifungulia bomba la moshi na kuiongezea nguvu. Jumapili moja nikaingia nayo uwanjani, mizunguko mitatu nikiwa mfalme. Mzunguko wa nne giaboksi ikakataa. Nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani, watoto wa mtaa wakinishangilia.

Jumatatu nilikuwa na kreti za nyanya zilizokwisha lipiwa, zikiningoja ng’ambo. Nikatafuta gari la kukodi, likapatikana Jumatano. Nyanya haina subira. Nusu nilizimwaga, na mteja wangu wa siku nyingi akahamia kwa mwingine. Giaboksi ya mtumba niliinunua na nina risiti yake. Mteja yule hana risiti, na hakurudi.

Ndiyo maana gharama ya gari la mbio haipimwi kwa bei ya vipuri peke yake. Tuseme safari moja hukuachia faida ya Sh5,000 za Kenya, nawe huenda mara nne kwa wiki. Gari likikaa gereji wiki mbili, umepoteza Sh40,000 kabla fundi hajakutajia bei yake. Weka hapo kiasi chako halisi, kwa shilingi ya nchi yoyote au kwa faranga, kisha uzidishe. Wengi wakifanya hesabu hii hugundua kwamba gari moja la kazi zote mbili si rahisi kama lilivyoonekana.

Njia ya pili: gari la Jumapili tu

Hapa ndipo turudi kwa Joginder. Kwa mtu wa kipato cha kati, gari la mbio lililo rahisi kuliko yote ni lile ambalo mtu mwingine amekwisha litengeneza na sasa analiuza. Kizimba, viti, mikanda na springi za mashindano, ukinunua kimoja kimoja, mara nyingi vitakugharimu zaidi ya bei ya gari zima lililokwisha fungwa vyote. Mwenye kuuza harudishiwi alichotumia, na hasara yake ndiyo nafuu yako.

Nenda na fundi wako. Mwambie aangalie chesisi kama imepinda au imeunganishwa, aangalie kutu kwenye maungio ya kizimba, na asikilize injini ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha. Chagua gari ambalo spea zake zinajaa kwenye maduka ya mtumba ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Gari la ajabu lisilo na spea litakuwa pambo la uani.

Usisahau yanayofuatana nalo. Litahitaji pa kulala na tairi zake. Na kama haliruhusiwi barabarani, litahitaji trela au gari la kulivuta kila mara linapokwenda uwanjani. Gari lenye nambari na bima halali linaweza kujipeleka lenyewe, lakini likivunjika huko, bado utalipa wa kulirudisha.

Jambo jema ni kwamba likivunjika, linakuwa limevunjika lenyewe tu. Jumatatu wagon yako inawaka kama kawaida na mzigo unavuka. Unalitengeneza polepole, mwezi huu klachi, mwezi ujao rediata, bila mteja hata mmoja kujua.

Mpaka una sheria zake

Mfanyabiashara wa mpakani ana kishawishi ambacho watu wa mjini hawana: anaona bei za pande mbili. Gari la zamani linaweza kuwa nafuu ng’ambo. Kabla hujatoa pesa, kumbuka haya.

Kenya haisajili gari lililotumika linaloingia likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka ukomo kama huo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa hiyo gari zuri la miaka 12 unaloliona Arusha linaweza kuwa halali kabisa huko, na lisipate usajili wa barabarani Kenya hata ungelipa nini.

Kibali cha kuingiza gari kwa muda ni cha kutembelea, si cha kuuzia. Kuliuza gari la kigeni bila kulilipia ushuru ni kosa, na forodha wana haki ya kulikamata. Ukinunua Rwanda, Burundi au Kongo, kumbuka pia kwamba huko huendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa magari yao mengi uko kushoto.

Kisha kuna nambari ya injini. Imeandikwa kwenye kadi ya gari, au logibuku kama wasemavyo Kenya. Ukibadilisha injini ya gari lako la kazi bila kuirekodi upya, siku ofisa atakapofungua boneti utakuwa na maelezo marefu ya kutoa huku mzigo ukinyauka juani.

Na bima. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo hushiriki, hukulinda dhidi ya madai ya watu wengine ukiwa nchi jirani. Haitengenezi gari lako. Hata bima kubwa kwa kawaida huacha nje mashindano ya kasi, na mabadiliko usiyoyatangaza yanaweza kuwapa sababu ya kukataa madai yako ya siku ya kawaida. Soma masharti, au mwombe wakala akusomee kifungu hicho kwa sauti.

Kati ya njia mbili

Mafundi niliozungumza nao wa pande zote mbili za mpaka wanakubaliana juu ya kanuni moja: kinachofunguka na kurudi kama kilivyokuwa, fanya kwenye gari la kazi, kinachohitaji kukata, kuchomelea au kung’oa, kisubiri gari la pili. Pedi, mafuta ya breki, oili safi, tairi nzuri, na kama unaweza, seti ya pili ya rimu za uwanjani. Hivyo vinatosha kabisa kwa msimu wa kwanza.

Baada ya msimu huo utakuwa umejijua. Wengine huenda mara mbili hamu ikaisha, na wanashukuru kwamba hawakukata chochote. Wengine wanagundua kwamba kilichokuwa kinawachelewesha ni mikono yao wenyewe, na mizunguko ishirini ya mazoezi inawapunguzia sekunde nyingi kuliko turbo. Wachache hawalali wakiifikiria Jumapili. Hao ndio waanze kuweka akiba ya gari la pili, na waitenge mbali na mtaji wa mzigo.

Na kipimo cha mwisho ni hiki: gari ambalo huwezi kuliacha uwanjani limevunjika ukarudi nyumbani kwa matatu bila kulia, usiliingize uwanjani. Iwe umelinunua kwa milioni au kwa laki, kama kesho ya watoto inalitegemea, hilo ni gari la kazi.

Jumamosi ile niliondoka gerejini giza likiwa limeingia, kijana na fundi bado wakibishana. Jumanne asubuhi nilimwona kwenye foleni ya kuvuka kuja Kenya, dirisha wazi, mkono nje. Wagon ilikuwa na kimo chake kilekile. Nyuma zilipangwa neti za vitunguu hadi darini, na kwenye matao ya tairi kulikuwa na matope mekundu yaliyokauka.

“Umeshinda?” nikamuuliza.

“Wa saba,” akasema. “Lakini nimebadilisha mafuta ya breki tu, na mzee hakunidai springi.”

Foleni ikasogea, naye akatia gia.