Ukimya Si Ushahidi wa Imani

Mzazi akitaka kumsifia mtoto wake mbele ya wageni, mara nyingi husema: huyu hana usumbufu. Mwalimu mkuu humsifia mwalimu wa darasa lisilo na kelele, na msimamizi wa wodi hufurahi akikuta daftari la makosa halina kitu. Katika hali zote tatu kuna dhana moja, kwamba anayenyamaza yuko salama. Tuichunguze dhana hiyo kwa kufuata utafiti ulioanzia vijiji vya karibu na Kampala, miaka 70 hivi iliyopita, kisha tuone ulitufikisha wapi.

Tuanze na maneno mawili. Imani, katika uchambuzi huu, ni matarajio ya mtu kwamba akionyesha shida yake, yule anayemtegemea ataiona na ataitikia kwa namna ya kumfaa. Usalama wa kihisia ni hali inayozaliwa na matarajio hayo: mtu anaweza kuonyesha hofu, uhitaji au kosa lake bila kuogopa kudhalilishwa wala kutengwa. Neno la tatu, wema wa makusudi, tuliache kwanza. Maana yake itajitokeza katika ushahidi wenyewe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa kijamii mjini Kampala. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London na daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenganisha mtoto mchanga na mama yake. Ainsworth alikuwa amesikia kwamba ni desturi ya Waganda, mtoto anapoachishwa ziwa, kupelekwa kwa bibi yake kwa siku kadhaa, akakusudia kuuchunguza utengano huo. Alipofika vijijini akakuta familia nyingi hazifuati tena desturi ile. Basi akalibadilisha swali lake: badala ya kuuliza kinachovunjika mtoto anapotenganishwa na mama, akauliza kile kinachojengeka wanapokuwa pamoja.

Alizitembelea familia hizo kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila mara, kwa kipindi kilichofikia miezi tisa. Alikaa sebuleni, akazungumza na akina mama kwa msaada wa mkalimani, huku akiwatazama watoto. Jambo alilolishuhudia huenda kila aliyelea mtoto amewahi kuliona bila kulipa uzito. Mtoto anayejifunza kutambaa huondoka magotini mwa mama, huenda mpaka penye kitu kinachomvutia, hugeuka kumtazama mama, huendelea mbele, na akishtuka hurudi mbio. Mama ndiye kituo anachoondokea na kurejea. Anayejua kwamba ana pa kurudi ndiye anayethubutu kwenda mbali.

Si watoto wote walikuwa hivyo. Katika watoto 28 aliowachunguza, 16 aliwaweka katika kundi la walioshikamana na mama zao kwa usalama. Hao walilia kidogo, na mama akiwapo walicheza na kuchunguza mazingira kwa utulivu. Saba hawakuwa na usalama huo: walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano walikuwa bado hawajaonyesha dalili za kushikamana na mama kwa namna ya pekee. Ainsworth akatafuta kinachoyatenganisha makundi haya.

Hapa ndipo penye somo la kwanza, nalo halikuwa lile ambalo wengi wangelitarajia. Upendo wa mama haukuyatofautisha makundi, kwa sababu karibu akina mama wote walikuwa na upendo. Kulelewa na watu zaidi ya mmoja, jambo la kawaida katika kaya zetu, nako hakukuonekana kumnyima mtoto usalama. Kilichotofautisha kilikuwa kingine. Mama wa watoto wenye usalama waliwahudumia watoto wao kwa wingi zaidi, na walipoulizwa habari za watoto hao walieleza mambo madogomadogo kwa undani: anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa, anaamka vipi. Ni dalili kwamba walikuwa wakiwatazama.

Ainsworth alichapisha matokeo hayo mwaka 1967. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Baltimore, Marekani, na kuanza utafiti wa pili kwa familia 26. Safari hii kila nyumba ilitembelewa kila baada ya wiki tatu tangu mtoto akiwa mchanga hadi akiwa na mwaka mmoja na wiki mbili, saa nne hivi kila ziara. Kutokana na rundo la maandishi ya ziara hizo akakipa umbo kile alichokiona Uganda. Sisi tutakiita usikivu wa mlezi, na kina sehemu nne: kuiona ishara ya mtoto, kuisoma sawasawa, kuitikia kwa namna inayolingana nayo, na kufanya hivyo bila kuchelewa. Mtoto anayegeuza uso kwa sababu amechoka kuchezewa, akazidi kubusiwa, amependwa lakini hakusikilizwa.

Sasa wema wa makusudi unaweza kufafanuliwa. Ni tendo jema linaloanzia kwenye hali ya anayetendewa, wala halitegemei kama mtendaji siku hiyo ana furaha au ana hasira. Neno makusudi lina uzito wake hapa. Wema unaotegemea hali ya moyo wa mtendaji hautabiriki, na imani, kama tulivyoifafanua, ni matarajio. Mtu hawezi kujenga matarajio juu ya kitu kinachokuja leo na kesho kikakosekana bila sababu anayoielewa.

Kule Baltimore, mtoto alipofikisha mwaka mmoja, Ainsworth alimpima kwa njia ya dakika 20 hivi katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea: mama hutoka, mgeni huingia, mama hurudi. Wengi walilia mama alipotoka, wakamkimbilia aliporudi, wakabembelezwa, kisha wakarudi kucheza. Wengine walimng'ang'ania na papo hapo wakimsukuma kwa hasira, wasitulie. Lakini lilikuwapo kundi la tatu: watoto ambao mama alipotoka hawakuonyesha kujali, na aliporudi wakampa mgongo, wakaendelea na vitu vyao. Mtu akichungulia dirishani angesema hawa ndio waliolelewa vizuri, hawana usumbufu. Kumbukumbu za ziara za nyumbani zilionyesha vingine. Hawa ndio ambao mama zao mara nyingi waliwakataa walipotaka kubebwa na kukumbatiwa. Mwaka 1977 watafiti Alan Sroufe na Everett Waters walieleza kwamba mapigo ya moyo ya watoto wa namna hii yanabadilika kama ya watoto wenye wasiwasi, ingawa usoni hakionekani kitu. Wanaumia, ila wamekwisha kujifunza kwamba kulia hakuna faida.

Pingamizi zipo, na ni haki zitajwe. Silvia Bell na Ainsworth walipoandika mwaka 1972 kwamba watoto wanaoitikiwa upesi hulia kidogo zaidi baadaye, wapinzani walihoji namna hesabu zilivyofanywa, na utafiti wa baadaye haukuyathibitisha matokeo hayo moja kwa moja. Kuhusu usikivu na usalama wa mtoto ushahidi una nguvu zaidi: mwaka 1997 Marianne De Wolff na Marinus van IJzendoorn walikusanya tafiti 66, wakakuta uhusiano upo, ila ni wa wastani. Usikivu si kila kitu. Wapo pia wanaouliza kama kipimo kilichobuniwa Marekani kinamfaa mtoto aliyezoea kubebwa na shangazi, dada na jirani, na swali hilo ni halali. Kinachobaki baada ya pingamizi zote ni kwamba mtoto hujifunza kutokana na anavyoitikiwa, na anachojifunza anaweza kukificha.

Msomaji aliye mzazi huenda sasa ana wasiwasi: nani awezaye kumsikiliza mtoto kila saa, na ugali uko jikoni na maji hayajachotwa? Jibu lilitokana na kazi ya mtafiti Edward Tronick na wenzake. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1978, mama hucheza na mtoto wake kama kawaida, kisha kwa dakika chache huukausha uso, asitabasamu wala kusema. Mtoto hujaribu kumrudisha kwa tabasamu na kwa sauti, anashindwa, mwisho hujikunja na kutazama pembeni. Jaribio hili ndilo linalojulikana zaidi, lakini uchunguzi wao wa mazungumzo ya kawaida kati ya mama na mtoto una faida kubwa kuliko hilo. Walikuta kwamba hata wanaoelewana vizuri hulingana kwa takriban theluthi moja tu ya muda, au chini yake. Muda mwingine hupishana: mama hucheka mtoto anapotaka kulala, mtoto humtazama mama anapogeuka. Kinachojenga imani ni kule kurudiana baada ya kupishana. Mtoto hukusanya uzoefu kwamba tukikosana, tunapatana.

Kwa hiyo wema wa makusudi unaonekana zaidi baada ya kosa. Mzazi aliyemfokea mtoto bila haki, akarudi akakaa naye na kusema nimekukosea, hajaharibu heshima yake. Amemfundisha mtoto kwamba uhusiano wao unaweza kubeba kosa. Katika malezi yetu wengi tuliambiwa mkubwa haombi radhi. Ushahidi huu unatutaka tuliache hilo, nami naamini ni sharti tuliache.

Je, haya yanawahusu watu wazima? Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika vitengo vinane vya hospitali nchini Marekani. Alitarajia vitengo vyenye ushirikiano mzuri viwe na makosa machache. Hesabu zikaonyesha kinyume: vitengo hivyo viliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba hawakukosea zaidi bali walisema zaidi. Kiongozi wao alilipokea kosa kama habari ya kumlinda mgonjwa. Kwingine muuguzi aliyekosea alijiona kama mshtakiwa, kwa hiyo akaficha. Mwaka 1999 Edmondson alipima jambo hilo tena katika timu 51 za kampuni moja ya kutengeneza bidhaa, akakuta timu ambazo watu wake hawaogopi kusema ndizo zinazojifunza.

Daftari tupu la wodi na mtoto anayempa mama mgongo vimefanana kwa sababu moja. Kwa wote wawili, gharama ya kusema imekuwa kubwa kuliko gharama ya kunyamaza. Ndiyo maana amri ya "semeni kwa uhuru" ikitolewa mkutanini haibadilishi kitu: watu hawaangalii tangazo, wanaangalia yaliyompata wa mwisho aliyesema.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba tumekuwa tukipima imani kwa kipimo kisicho chake. Mzazi, mwalimu au msimamizi asihesabu siku zilizopita bila malalamiko. Ahesabu ni mara ngapi mtu aliye chini yake alimletea habari mbaya kwa hiari, na akumbuke alimjibu nini. Kama hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini, aanze wiki hii: amwulize mtoto, mwanafunzi au muuguzi mmoja jambo linalomsumbua, amsikilize mpaka amalize, kisha atimize lile dogo atakaloahidi, kwa siku aliyoitaja.