Mikumi hadi Ifakara kwa baiskeli: Mambo ya kuzingatia katika barabara ya milima na mabonde

Barabara inayotoka mji mdogo wa Mikumi kwenda Ifakara, mkoani Morogoro, ina urefu wa takribani kilomita 100. Kwa msafiri wa baiskeli, ni miongoni mwa njia chache nchini ambazo katika safari moja humwonesha uoto wa miombo, msitu wa milimani, mashamba ya miwa na mpunga, pamoja na mabonde ya mito miwili mikubwa, Ruaha Mkuu na Kilombero.

Wakazi wa bonde hilo hawakusubiri utalii ili kuithamini baiskeli. Kwao ndicho chombo cha kufikia shamba, kisima, soko, zahanati na shule. Gunia la mpunga hufungwa kwenye keria na kusukumwa hadi mashineni. Kwa hiyo, suala la usalama wa mwendesha baiskeli katika barabara hii linamhusu kwanza mkulima na mwanafunzi, kisha mgeni anayekuja kutembea.

Njia ilivyo

Kipande cha kwanza, kutoka Mikumi hadi Kidatu, hupita katika vilima na kwa jumla huteremka kuelekea bondeni. Kwa kuwa kuna miteremko na kona, breki za mbele na nyuma zinapaswa kukaguliwa kabla ya kuondoka. Kidatu ndipo Mto Ruaha Mkuu unapotokea milimani, na ndipo kilipo kituo cha kufua umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 204.

Baada ya kuvuka Ruaha Mkuu, msafiri huingia katika Bonde la Kilombero, na kutoka hapo hadi Ifakara hubaki kiasi cha kilomita 67. Barabara huwa tambarare. Upande wa kulia husimama Milima ya Udzungwa, na upande wa kushoto hutanda mashamba ya miwa na reli ya TAZARA. Msafiri hupita Mkula, Sanje, Mang'ula na Kiberege kabla ya kufika Ifakara. Anayeendelea kusini hukutana na Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, wananchi na mizigo yao walitegemea kivuko kuuvuka Mto Kilombero.

Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, safari ya Mikumi hadi Ifakara huchukua karibu saa saba bila kuhesabu mapumziko. Ni vyema kuigawa katika siku mbili na kulala Mang'ula, ili msafiri asilazimike kuendesha gizani.

Lami na mwendo

Lami huondoa vumbi na matope, hupunguza muda wa safari na kurahisisha usafirishaji wa mazao. Hata hivyo, huongeza pia mwendo wa magari, na hapo ndipo hatari kwa mwendesha baiskeli inapoanza.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takribani mita 14 kwa kila sekunde. Kwa kilomita 100 kwa saa, husafiri karibu mita 28 katika sekunde hiyo hiyo, kabla dereva hajakanyaga breki. Baada ya breki kukanyagwa, umbali unaohitajika ili gari lisimame huongezeka takribani mara nne pale mwendo unapoongezeka mara mbili. Ndiyo sababu kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi si jambo la kupuuzwa. Huweza kuamua kama mtoto aliye kwenye baiskeli atafika nyumbani.

Dereva anapolipita baiskeli anapaswa kuacha nafasi ya kutosha, akizingatia kuwa baiskeli yenye mzigo huyumba na kwamba upepo wa lori huweza kuisukuma. Mwendesha baiskeli naye anapaswa kukaa upande wa kushoto, kuonesha ishara ya mkono kabla ya kukata kona, na kutofunga mzigo unaozidi upana wa usukani au unaomzuia kuona nyuma. Jioni na alfajiri, taa nyeupe mbele, taa au kiakisi chekundu nyuma na nguo ya rangi angavu humwezesha dereva kumwona mapema. Wanaosafiri kwa kundi wafuatane kwa mstari mmoja.

Tahadhari zaidi inahitajika wakati wa mavuno. Kipindi cha ukame, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kizuri zaidi kwa safari ya baiskeli, lakini ndicho pia ambacho matrekta na malori ya miwa huwa mengi barabarani kati ya Kidatu na vijiji vya jirani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mito hufurika na njia za pembeni zisizo na lami huwa hazipitiki.

Maeneo ya hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Humo wanapatikana mbega mwekundu wa Iringa na ngolaga wa Sanje, wanyama ambao kwa asili hawapatikani nje ya eneo la Udzungwa na Bonde la Kilombero. Hifadhi hutembelewa kwa miguu. Hivyo mwendesha baiskeli anayetaka kuyaona Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, huacha baiskeli yake, hulipa ada kwa utaratibu wa TANAPA na kuongozana na mwongozaji. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magombera, uliopandishwa hadhi hiyo mwaka 2019, uko chini ya TFS, na kuingia humo kunahitaji kibali.

Jirani na Mang'ula upo ushoroba ambao tembo huutumia kupita kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika eneo hilo imejengwa njia ya chini ya barabara kwa ajili yao. Msafiri hapaswi kusimama hapo, kupiga kelele wala kuacha mabaki ya chakula. Akimwona tembo karibu na barabara, arudi nyuma na kusubiri. Vilevile, sehemu ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye urefu wa takribani kilomita 50, haifai kwa baiskeli kutokana na wanyamapori na magari makubwa. Wanaotoka Morogoro wapakie baiskeli kwenye basi na kuanzia safari katika mji wa Mikumi.

Misitu hiyo si pambo la safari tu. Mito midogo inayotiririka kutoka Udzungwa hunywesha mashamba ya bondeni, na maji ya Ruaha Mkuu na Kilombero huishia katika Mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere la kufua megawati 2,115. Mkaa unaochomwa mlimani leo ni maji yanayopungua kesho.

Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018, ukitambua kuwa chombo hiki ni nafuu, hakichafui hewa na hujenga afya. Kwa wananchi wa Kilombero, manufaa hayo yanajulikana tangu zamani. Kinachohitajika sasa ni kila anayeitumia barabara kumpa mwenzake nafasi: dereva apunguze mwendo anapofika kijijini, mwendesha baiskeli aonekane, na mgeni anunue maji, ndizi na malazi kwa wenyeji anaopita mbele ya milango yao.