MBUNA NA GAPI HAWAPANGI NYUMBA MOJA!

Kama hujawahi kukaa na mpangaji mkorofi, changanya samaki bila kuuliza tabia zao. Mimi yamenikuta hapa hapa Tukuyu.

Kwenye tangi langu la kioo nilipanda majani laini, nikaweka gapi sita wa mdogo wangu. Baadaye nikaletewa mbuna wanne, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, bluu na njano, wazuri ajabu. Nikawatumbukiza humo humo. Lahaula! Asubuhi majani yameng'olewa, gapi wamebaki wawili, mapezi yamechanika. Dogo hakunisemesha siku tatu.

Kosa si la mbuna. Kwao ziwani hukwangua ukoga kwenye mawe, na dume hulinda eneo lake kama askari wa geti.

Sasa fanya hivi. Ukipenda mbuna, wape tangi lao, jaza mawe yenye mapango. Mmea chagua anubiasi. Majani yake ni magumu, na unaufunga kwa uzi juu ya jiwe. Ukipenda gapi, panda valisneria, majani marefu kama utepe, watoto wao wapate pa kujificha. Wote wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 26, na baridi yetu ya Juni na Julai unaijua. Hita ni lazima.

Mbuna nimeshawahamisha. Wale gapi wawili wamezaa, na dogo amenisamehe. Uliza tabia kwanza, rangi baadaye!